Kuuliza na Kuamuru: Historia Fupi ya Vitenzi vya SQL na Kukua Kwake Katika PostgreSQL

Ni nadra katika historia ya lugha kupatikana lugha ambayo mwaka wa kuzaliwa kwake wajulikana, na majina ya walioizaa yameandikwa. Hakuna awezaye kusema Kiamu au Kimvita kilianza kusemwa mwaka gani, wala ni nani aliyetamka neno lake la kwanza. Lakini iko lugha moja ya siku hizi ambayo mwanzo wake hauna fumbo. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mbele ya wataalamu huko Ann Arbor, katika jimbo la Michigan, Marekani, mwezi wa Mei 1974. Waliyoitunga ni wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, waliokuwa watumishi wa kampuni ya IBM. Lugha hiyo sasa huitwa SQL.

Lugha ya SQL haina mzungumzaji wa kinywa, wala hakuna mtoto aliyelelewa nayo. Huandikwa tu, na msikilizaji wake ni mashine inayotunza hifadhidata, yaani kumbukumbu nyingi zilizopangwa ili ziweze kutafutwa na kusahihishwa upesi. Hata hivyo ina sarufi, ina lahaja, ina kamati ya usanifishaji, na imepata kukopa na kukopesha kama lugha nyingine zote. Kwa hiyo haifai kuachwa mikononi mwa mafundi peke yao.

Kazi yake ni mbili: kuuliza yaliyomo katika hifadhidata, na kuyabadilisha. Kwa mtazamo wa sarufi, ya kwanza ni kauli ya kuuliza, ya pili ni kauli ya kuamuru. Kwa miaka mingi kauli hizi mbili zilitengwa kama vyumba viwili visivyo na mlango kati yake. Aliyeuliza hakubadilisha kitu; na aliyeamuru hakujibiwa ila kwa hesabu ya mistari aliyoigusa. Makala haya yaeleza jinsi mlango ulivyotobolewa katika ukuta huo, hasa katika programu iitwayo PostgreSQL, na kwa nini jambo hilo lina uzito kwa kila mtu atunzaye kumbukumbu zinazoandikwa na mikono mingi.

I. Njia na sifa

Mnamo miaka ya 1960 hifadhidata kubwa zilijengwa kwa mfano wa mti au wa wavu. Programu ya IBM iliyoitwa IMS, iliyoanzishwa kwa ajili ya orodha kubwa ya vipuri vya safari za Apollo za kwenda mwezini, ilipanga habari kama ukoo: mzazi juu, wana chini yake, na wajukuu chini ya wana. Mtu aliyetaka habari ya mjukuu hakuwa na budi kupita kwa babu kwanza. Charles Bachman, aliyekuwa bingwa wa mpango wa wavu, alipopewa tuzo ya Turing mwaka wa 1973 alimfananisha mwandishi wa programu na rubani wa chombo anayetafuta njia yake.

Mfano huo ulikuwa wa kweli, nao wadhihirisha udhaifu wenyewe. Rubani lazima azijue njia, na miamba ikihama ramani yake haimfai tena. Kila mara wenye hifadhidata walipoubadili mpango wa kumbukumbu zao, programu zilizoandikwa kwa kufuata njia za zamani zilipotea.

Mtu aliyekata shauri kuondoka katika mwendo huo alikuwa Edgar F. Codd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1923, naye akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California. Mwezi wa Juni 1970 alichapisha makala iliyopendekeza kwamba habari zote ziwekwe katika majedwali. Kila mstari wa jedwali ni kauli moja inayodaiwa kuwa kweli. Kila safu ni sifa moja ya kitu kinachosemwa. Na mwulizaji hutaja sifa za akitakacho bila kutaja njia ya kukifikia. Kutafuta njia ni kazi ya mashine.

Tofauti hii wanafunzi wa sarufi wataifahamu mara moja. Kumwambia mtu, "Nenda nyumba ya tatu, pinda kulia, mgongee mtu wa kwanza," ni kumpa njia. Kumwambia, "Niitie fundi ambaye mwanawe anasoma Lamu," ni kumpa sifa kwa kishazi rejeshi, na kumwachia yeye miguu yake. Mawazo ya Codd yalikuwa kwamba hifadhidata nzima yaweza kuulizwa kwa vishazi rejeshi vitupu.

II. Square, Sequel na Quel

Codd mwenyewe alikuwa mtu wa hesabu, na lugha aliyoipendekeza mwaka wa 1971, iliyoitwa Alpha, ilijaa alama za mantiki. Chamberlin na Boyce waliyapenda mawazo yake, lakini waliona kwamba karani au mhasibu hawezi kuandika namna ile. Jaribio lao la kwanza liliitwa SQUARE. Nalo likawa na kasoro yake: lilihitaji herufi ndogo zilizoshushwa chini ya mstari, ambazo hazikupatikana katika vibao vya kuchapia vya siku zile. Basi wakaligeuza likawa la maneno ya kawaida ya Kiingereza, wakaliita SEQUEL. Baadaye jina hilo lilionekana kuwa ni alama ya biashara ya kampuni moja ya ndege ya Uingereza, likafupishwa likawa SQL.

Jambo moja la wakati huo lastahili kukumbukwa na wataalamu wa lugha. Wenye SEQUEL hawakutosheka na maoni yao wenyewe. Pamoja na Phyllis Reisner, walichapisha mwaka wa 1975 matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa wanafunzi, ili kulinganisha ni ipi kati ya SQUARE na SEQUEL iliyo rahisi kujifunza. Si lugha nyingi za kutungwa zilizopimwa hivyo zikiwa bado changa. Boyce hakuyaona matunda ya kazi hiyo. Alifariki mwaka ule ule wa 1974, angali kijana.

Wakati huo huo, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walikuwa wakijenga hifadhidata yao iliyoitwa Ingres, yenye lugha yake, QUEL. Tofauti za lugha hizi mbili zaonekana katika mfano mdogo. Tuseme lipo jedwali liitwalo kamusi, lenye safu ya neno, safu ya aina na safu ya maana. Katika QUEL mtu huuliza hivi:

range of k is kamusi
retrieve (k.maana) where k.neno = "mlango"

Na katika SQL huuliza hivi:

SELECT maana FROM kamusi WHERE neno = 'mlango'

Katika QUEL mtu hutangulia kuweka kiwakilishi, yaani ile k, akasema chasimama mahali pa nini, ndipo akitumie. Katika SQL kitenzi hutangulia, na jina la jedwali hufuata. Mpango huu wa SQL hauendani na mwendo wa maana, kwa kuwa jedwali ndilo la kwanza kufikiriwa na SELECT, yaani "chagua", huja karibu na mwisho. Hata leo wanafunzi hujikwaa hapo. Wataalamu kadhaa wa zama zile waliiona QUEL kuwa nyoofu zaidi na yenye kanuni chache zaidi za kukariri.

III. Lahaja iliyochaguliwa

Unyoofu haukuisaidia QUEL. Mwaka wa 1979 kampuni changa, ambayo baadaye iliitwa Oracle, iliuza hifadhidata yenye kutumia SQL. IBM yenyewe ilifuata kwa SQL/DS mwaka wa 1981, kisha DB2 mwaka wa 1983. Shirika la viwango la Marekani, ANSI, liliisanifisha SQL mwaka wa 1986, na shirika la kimataifa la ISO likaikubali mwaka wa 1987. Tangu hapo aliyetaka kuuza hifadhidata hakuwa na budi kusema SQL.

Wasomaji wa Kiswahili hawatashangazwa na mwisho huo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, Kimvita kilikuwa na hazina ya ushairi isiyoweza kudharauliwa. Uzuri wa lahaja haukuwa hoja peke yake. Palipimwa pia kuenea kwake, nguvu za wanaoitumia, na manufaa ya shule na serikali. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa SQL: aliyesimama nyuma ya lugha alitangulia sifa za lugha.

Codd hakuridhika. Mwaka wa 1985 alichapisha kanuni kumi na mbili za kupimia kama hifadhidata inastahili kuitwa ya kimahusiano. Kanuni ya saba yahusu mada ya makala haya moja kwa moja. Yasema kwamba uwezo wa kushughulikia mafungu mazima usiwe katika kuuliza tu. Uwe pia katika kuingiza, kusahihisha na kufuta. Maana yake ni kwamba msimamizi wa kamusi aweze kusema, "Vidahizo vyote vya aina hii na visahihishwe hivi," kwa sentensi moja, asilazimike kukishika kimoja baada ya kimoja. Kwa Codd, kauli ya kuamuru ilistahili heshima ile ile ya kauli ya kuuliza.

SQL ya mwaka 1986 ilikuwa na vitenzi vikuu vinne vya data: SELECT, "chagua", INSERT, "ingiza", UPDATE, "sahihisha", na DELETE, "futa". Kimoja ni cha kuuliza, vitatu ni vya kuamuru. INSERT na UPDATE ziliweza kubeba swali ndani yake. Lakini swali halikuweza kubeba amri, na amri haikuweza kutoa jibu.

IV. Urithi wa Postgres

Stonebraker alianza kazi nyingine Berkeley mwaka wa 1986, akaiita Postgres, kwa maana ya kwamba yaja baada ya Ingres. Lugha yake ilikuwa POSTQUEL, mtoto wa QUEL. Katika mambo mengi mapya ya Postgres, moja lilikuwa la ajabu. Mstari ulipobadilishwa haukufutwa wala kuandikwa juu yake; mstari mpya uliwekwa kando, na wa kale ukaachwa mahali pake. Kwa hiyo mtu aliweza kuuliza jedwali lilikuwaje siku iliyopita, na akajibiwa.

Kazi ya chuo ilikoma kwa toleo la 4.2. Mwaka wa 1994 wanafunzi wawili wa Berkeley, Andrew Yu na Jolly Chen, waliiondoa POSTQUEL wakaweka SQL mahali pake, na programu ikaitwa Postgres95. Mwaka wa 1996 ilipewa jina la PostgreSQL, ili jina lenyewe litangaze lugha mpya, na toleo la 6.0 likatoka Januari 1997. Tangu siku hizo hutunzwa na watu walioenea nchi nyingi, nayo hutolewa bure kwa yeyote.

Hivyo ukoo wa QUEL ulihama lugha. Kuuliza habari za siku zilizopita nako kuliondolewa katika toleo la 6.2, kwa kuwa mistari ya kale ilijaza nafasi na kupunguza mwendo. Lakini desturi ya kutofuta papo hapo haikutupwa. Katika toleo la 6.5 la mwaka 1999 ilitumiwa kwa kazi nyingine: kila mwulizaji huonyeshwa picha ya hifadhidata kama ilivyokuwa alipoanza kuuliza, hata ikiwa mwingine anaandika wakati huo huo. Msomaji hamzuii mwandishi, wala mwandishi hamzuii msomaji. Mistari ya kale hubaki mpaka hapana tena anayeihitaji, ndipo ifagiliwe.

Toleo la 7.1 la mwaka 2001 lilileta muungano wa nje, yaani uwezo wa kuyaunganisha majedwali mawili bila kuipoteza mistari isiyo na mwenziwe. Kwa kauli ya kuuliza, msingi ulikuwa umetimia. Kauli ya kuamuru ilikuwa ingali palepale ilipoachwa mwaka wa 1986.

V. Amri yenye kujibu

Badiliko kubwa la kwanza lilitokea katika toleo la 8.2, Desemba 2006. Kishazi kipya, RETURNING, yaani "ukirudisha", kiliruhusiwa mwishoni mwa INSERT, UPDATE na DELETE. Kazi yake yafahamika kwa mfano wa kamusi. Mhariri aingizapo neno jipya, mashine hukipa kidahizo namba yake. Mhariri aihitaji namba hiyo ili aambatanishe mifano ya matumizi. Kabla ya hapo ilimbidi aingize kwanza, kisha aulize mara ya pili. Sasa aliweza kusema:

INSERT INTO kamusi (neno, aina) VALUES ('ukumbi', 'nomino') RETURNING namba

na amri ikamjibu papo hapo. Oracle ilikuwa na kishazi cha jina hilo kabla yake, na SQL Server ya Microsoft iliweka chake, OUTPUT, mwaka wa 2005. Kamati ya usanifishaji haikuchukua hata kimoja. Mwaka wa 2011 ilipoliingiza jambo hili katika usanifu wake, ilifuata namna ya DB2, ambayo huiweka amri ndani ya swali na kuuliza jedwali la kabla au la baada ya badiliko. Kwa hiyo RETURNING ni neno la lahaja hadi leo, ijapokuwa limeenea sana.

Toleo la 8.4, Julai 2009, lilileta kishazi cha WITH, ambacho usanifu ulikuwa nacho tangu 1999. Kwa WITH mtu huanza kwa kulipa jina fungu fulani la mistari, kama mwandishi asemaye mwanzoni, "Tuliite jambo hili kadha," kisha hulitumia jina hilo katika sentensi kuu. Fungu hilo laweza hata kujirejea lenyewe. Katika jedwali la mnyambuliko, ambamo kila kitenzi kimeandikiwa kitenzi kilichokizaa, swali moja laweza kuanzia "penda", likafika "pendana", likaendelea hadi "pendanisha", bila mwulizaji kujua ngazi ni ngapi. Kabla ya hapo ilihitajiwa programu nzima. Toleo hilo hilo lilileta pia hesabu za madirisha, ambazo huupa kila mstari nafasi yake kati ya wenziwe bila kuiyeyusha mistari katika jumla.

Septemba 2011, katika toleo la 9.1, ukuta ulitobolewa. Amri za kuingiza, kusahihisha na kufuta ziliruhusiwa kukaa ndani ya WITH, na majibu yao kutumiwa na sentensi kuu. Msimamizi atakaye kuhamisha maneno yaliyochakaa kutoka katika kamusi kwenda katika makavazi aliweza kuandika:

WITH vilivyotolewa AS (DELETE FROM kamusi WHERE hali = 'chakavu' RETURNING *) INSERT INTO makavazi SELECT * FROM vilivyotolewa

Sentensi ni moja, na tendo ni moja. Hapana kitambo ambapo neno limetoka kamusini na bado halijafika makavazini. Ama yote yametendeka, ama hapana lililotendeka. Iko kanuni moja ambayo wageni huisahau. Vishazi vyote vya sentensi hiyo huiona picha ile ile ya mwanzo, na hakuna kionacho kazi ya mwenziwe jedwalini. Kilichofutwa na kishazi cha kwanza bado chaonekana kwa cha pili. Njia ya pekee ya vishazi kupashana habari ni RETURNING.

Miaka iliyofuata iliipanua kauli ya kuuliza vilevile. Toleo la 9.3 la mwaka 2013 lilileta LATERAL, ambayo huruhusu kishazi cha nyuma kumrejea aliyetajwa mbele yake, kama kiwakilishi kinavyorejea nomino iliyotangulia. Toleo la 9.4 la mwaka 2014 lilileta FILTER, ya kuhesabu baadhi tu ya mistari ndani ya jumla moja.

VI. Waandishi wawili, neno moja

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa wa kauli ya sharti. Tuseme wahariri wawili, mmoja Zanzibar na mmoja Nairobi, wanaiandika kamusi moja saa moja. Kila mmoja amekutana na neno "ukumbi" katika matini yake. Kila mmoja auliza kwanza, "Je, neno hili limo?" Wote wawili hujibiwa kwamba halimo, na jibu ni la kweli kwa kila mmoja kwa wakati alioulizia. Wote wawili huingiza. Ikiwa kamusi haina sharti la kutorudia neno, patakuwa na vidahizo viwili vya neno moja, kila kimoja na nusu ya habari. Ikiwa sharti lipo, wa pili hukataliwa, na kazi yake yaweza kupotea.

Kosa hili si la mhariri yeyote, wala halitokani na uvivu. Latokana na lugha iliyowalazimisha kusema mambo mawili, swali kisha amri, mahali ambapo kusudi lao lilikuwa moja: "Liingize neno hili; na kama limo, lisahihishe." Katika daftari la kamusi hasara ni aibu ya mhariri. Katika daftari la dawa za wagonjwa au la akiba za watu, hasara ni nyingine.

Usanifu wa mwaka 2003 ulikuwa umetoa kitenzi cha tano, MERGE, yaani "unganisha", na Oracle ilikuwa imekiweka hata kabla ya hapo. MERGE huchukua fungu la mistari ya nje, hulilinganisha na jedwali, kisha hufuata masharti: penye kulingana tenda hivi, pasipolingana tenda vile. Hata hivyo watunzaji wa PostgreSQL hawakukichukua mara moja. Usanifu ulieleza matokeo ya MERGE kwa mwandishi aliye peke yake, bali shida iliyowakera watu ilikuwa ya waandishi wengi.

Baada ya majadiliano marefu, toleo la 9.5, Januari 2016, lilifuata njia yake: INSERT yenye kishazi ON CONFLICT, "pakitokea mgongano". Mwandishi huchagua moja kati ya mawili, kuacha bila kufanya kitu, au kusahihisha mstari uliokwisha kuwamo. Na mstari uliozuiwa hupewa jina la EXCLUDED, ili habari zake zitumike katika masahihisho. Katika hali ya kawaida ya miamala, amri hii huahidi kwamba, pasipotokea hitilafu nyingine, mstari utaingia au utasahihishwa, hata wakiandika watu mia. Wahariri wetu wawili wangalikuwa na kidahizo kimoja, na wa pili angaliongeza habari zake juu ya zile za wa kwanza.

Namna hii haikutoka kwa kamati, lakini ilikopwa na wengine. SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo katika simu nyingi za mkononi, iliichukua mwaka wa 2018, kisha ikachukua na RETURNING mwaka wa 2021. Ndivyo lahaja zilivyozoea kukua, jirani akimsikiliza jirani kabla mkutano haujaitishwa.

MERGE nayo haikusahauliwa. Iliingizwa katika matayarisho ya toleo la 11 mwezi wa Aprili 2018, ikaondolewa kabla ya mwezi huo kwisha, kwa kuwa wakaguzi hawakuridhika na ujenzi wake. Ilirudi kwa utaratibu na kutoka katika toleo la 15, Oktoba 2022, miaka kumi na tisa baada ya kusanifishwa. Ina upana ambao ON CONFLICT haina: yaweza kuwa na masharti mengi, na yaweza kufuta pamoja na kuingiza na kusahihisha. Lakini haitoi ahadi ile ya waandishi wengi. Wawili wakiingiza neno moja kwa MERGE kwa wakati mmoja, mmoja aweza bado kukataliwa, na maelezo rasmi ya programu humshauri mwenye shida hiyo afikirie ON CONFLICT. Kwa hiyo vitenzi hivi havibadilishani mahali. Mwenye kulinganisha orodha mbili nzima humfaa MERGE. Mwenye kulinda neno moja dhidi ya mikono mingi humfaa ON CONFLICT.

VII. Ya kale na ya sasa

Mambo mawili ya karibuni yaikamilisha hadithi hii. Toleo la 17, Septemba 2024, liliipa MERGE kishazi cha RETURNING, pamoja na njia ya kuuliza kama mstari fulani umeingizwa, umesahihishwa au umefutwa. Liliongeza pia sharti la tatu, la mistari iliyomo jedwalini lakini haimo katika orodha iliyoletwa. Kwa hilo sentensi moja yatosha kulifanya jedwali lilingane kabisa na orodha mpya.

Toleo la 18, Septemba 2025, lilifika mbali zaidi. Hapo zamani RETURNING baada ya UPDATE ilirudisha hali mpya tu. Hali ya kale ilikuwa imekwisha kupita bila kuonekana. Sasa mwandishi aweza kutaja OLD na NEW, "ya kale" na "mpya", katika jibu moja:

UPDATE kamusi SET maana = 'chumba cha mikutano' WHERE neno = 'ukumbi' RETURNING old.maana, new.maana

Mhariri asahihishaye maana ya neno huonyeshwa papo hapo alichokiondoa na alichokiweka, na aweza kuyaandika yote mawili katika daftari la masahihisho kwa sentensi ile ile. Hata penye ON CONFLICT aweza sasa kujua kama neno lilikuwamo au halikuwamo: lisipokuwamo, ya kale huwa tupu. Kabla ya hapo mafundi walikuwa wakibahatisha kwa kuchungulia alama za ndani za programu, ambazo hazikukusudiwa kusomwa na watu.

Msomaji atakumbuka kwamba Postgres ya mwanzo ilihifadhi kila mstari wa kale, na mtu aliweza kuuliza habari za jana. Uwezo huo uliondolewa, na OLD haiurudishi. Humwonyesha mwandishi hali ya kale mara moja tu, wakati wa badiliko, na asipoiandika mahali imempita. Ila wajibu sasa uko wazi. Lugha imempa mwandishi neno la kutajia kile anachokiondoa. Kukitunza au kukiacha kipotee ni shauri lake, wala hawezi tena kusema kwamba hakuonyeshwa.

VIII. Hatima

Yapo mambo mawili ambayo mtaalamu wa lugha aweza kuyachukua katika historia hii. Kwanza, kwa muda wa miaka hamsini vitenzi vikuu vya data vimeongezeka kimoja tu, nacho ni MERGE. Kilichokua ni vishazi: RETURNING, WITH, LATERAL, FILTER, ON CONFLICT. Sentensi fupi ya SELECT iliyoandikwa kwa usanifu wa mwaka 1986 yafahamika na mashine ya leo, kama vile vitenzi vya barua za zamani za pwani vinavyofahamika ingawa mpango wa vishazi umegeuka.

Pili, kila kishazi kilichofaulu kilizaliwa pale ambapo watu walilazimishwa kugawa kusudi moja katika sentensi mbili, na kati ya sentensi hizo mbili mtu mwingine akaweza kuingia. Codd alitaka mwulizaji asiwe mtumwa wa njia. Waliomfuata walitaka mwandishi asitengwe na jibu la kazi yake mwenyewe. Taasisi nyingi zinazotunza kamusi, sajili za vizazi na madaftari ya wagonjwa bado zina programu zinazouliza kwanza na kuandika baadaye, kwa sababu ziliandikwa wakati lugha haikuwa na namna nyingine. Namna nyingine sasa ipo. Programu hizo zafaa zisomwe upya, sentensi kwa sentensi, na pale penye swali lililofuatwa na amri juu ya neno moja, patazamwe kama hapawezi kuandikwa sentensi moja.